Kiti kimoja, mama na mwana: kisa cha Gloria Macapagal Arroyo bungeni

Tangu mwaka 2004, kiti cha ubunge cha jimbo la pili la mkoa wa Pampanga, kaskazini magharibi ya Manila, hakijatoka katika nyumba moja. Alianza kukikalia Juan Miguel Arroyo, ambaye Ufilipino nzima inamwita Mikey. Mwaka 2010 akampisha mama yake. Mama akakaa miaka tisa, mihula mitatu ya miaka mitatu mitatu, mpaka Katiba ikamwambia basi. Mwaka 2019 mwana akarudi. Mwaka 2022 mwana akampisha mama kwa mara ya pili, na mama akapita bila kupingwa. Mwaka 2025 mama akashinda tena.

Mama huyo ni Gloria Macapagal Arroyo: seneta, makamu wa rais, rais kwa miaka tisa na miezi mitano, mbunge, mahabusu, Spika, na mbunge tena. Wanaosimulia habari zake huanzia Ikulu ya Malacañang, na si ajabu, maana huko kulikuwa na kishindo. Mimi naanzia kwenye kile kiti cha Pampanga, kwa kuwa ndicho kinachofichua jambo kubwa zaidi: kanuni iliyoandikwa ili familia chache zisihodhi madaraka ndiyo iliyozisukuma familia hizo kuingiza ndugu wengi zaidi bungeni.

Kanuni yenyewe imo katika Katiba ya mwaka 1987, iliyoandikwa baada ya Ferdinand Marcos kukimbia nchi Februari 1986. Waandishi wake walikuwa wametoka kuona mtu mmoja na jamaa zake wakiitafuna nchi kwa miaka ishirini, wakaweka makomeo mawili. La kwanza ni ukomo wa mihula: mbunge wa Baraza la Wawakilishi haruhusiwi zaidi ya mihula mitatu mfululizo, seneta haruhusiwi zaidi ya miwili ya miaka sita sita. La pili limo katika kifungu cha 2, sehemu ya 26, kinachosema dola itahakikisha nafasi sawa ya kutumikia umma na itapiga marufuku koo za kisiasa, "kama zitakavyofafanuliwa na sheria". Mkia huo wa maneno machache ndio uliomaliza kila kitu. Sheria ya kufafanua hutungwa na Bunge, na Bunge limejaa watu wa koo hizo hizo. Mswada wa namna hiyo ulivuka kamati na kufika kujadiliwa katika ukumbi wa Baraza la Wawakilishi kwa mara ya kwanza mwaka 2014, ukafia humo. Mwaka 2016 ilipita sheria inayozuia ndugu wa karibu wa viongozi waliochaguliwa wasiingie katika mabaraza ya vijana ya mitaa. Kijana wa mtaani akakatazwa. Mbunge, seneta na gavana wakabaki huru.

Basi likabaki komeo moja, lile la mihula. Na hebu tazama linavyofanya kazi likiwa peke yake. Mbunge akimaliza muhula wa tatu anatakiwa apishe kwa muhula mmoja tu, kisha anaweza kurudi. Akimwachia mgeni, mgeni atazoea na hatatoka kirahisi. Akimwachia mkewe, mwanawe au ndugu yake, kiti kitalindwa. Lakini naye, huyo aliyetoka, anahitaji pa kukaa miaka hiyo mitatu, kwa hiyo anatafuta kiti kingine, pengine cha ugavana, pengine cha umeya. Familia iliyohitaji mtu mmoja kwenye kiti kimoja sasa inahitaji watu wawili kwenye viti viwili. Watoto wakikua, hesabu inapanda. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2025, Seneti ya watu 24 ilikuwa na jozi nne za ndugu: Pia na Alan Peter Cayetano, Mark na Camille Villar, Raffy na Erwin Tulfo, na Jinggoy Estrada na JV Ejercito waliochangia baba. Viti vinane katika ishirini na vinne, nyumba nne.

Gloria hakuzaliwa na kiti mkononi kama wengine, na haki yake hiyo lazima apewe. Baba yake, Diosdado Macapagal, alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Lubao, Pampanga, katika umaskini wa kweli, akajijenga kwa sheria na uchumi, na katika kampeni akajulikana kama mtoto maskini wa Lubao. Alikuwa mbunge kuanzia 1949, makamu wa rais kuanzia 1957, na rais kuanzia mwisho wa mwaka 1961 hadi aliposhindwa na Ferdinand Marcos mwaka 1965. Ndiye aliyehamisha Siku ya Uhuru kutoka 4 Julai, tarehe waliyopewa na Wamarekani, kwenda 12 Juni, tarehe waliyoitangaza wenyewe mwaka 1898. Ndiye pia aliyesimamia sheria ya ardhi ya mwaka 1963, iliyolenga kumtoa mkulima mpangaji katika mikono ya mwenye shamba. Mtu wa kwanza wa ukoo huu aliingia siasani akisema na walio chini. Nalishikilia hilo kwa sababu baadaye litauma.

Binti alihamia Ikulu akiwa na miaka 14. Alisoma miaka miwili Georgetown, Marekani, akamalizia nyumbani, akawa mwalimu wa uchumi, akapata shahada ya uzamivu Chuo Kikuu cha Ufilipino mwaka 1985. Miongoni mwa wanafunzi wake katika chuo cha Ateneo alikuwamo kijana aitwaye Benigno Aquino III. Mwaka 1987 mama wa kijana huyo, Rais Corazon Aquino, alimwita Gloria serikalini, katika wizara ya biashara na viwanda. Koo zao zitakutana tena, na si kwa heri.

Mwaka 1992 akagombea Seneti. Uchaguzi ule ulikuwa na utaratibu wa mpito: viti 24 kwa pamoja, washindi 12 wa juu wapate miaka sita, 12 wa chini wapate mitatu. Gloria alishika nafasi ya 13. Alikosa miaka sita kwa nafasi moja. Mtu mwingine angenung'unika; yeye alifanya kazi. Alishughulikia sheria ya kukuza mauzo ya nje ya mwaka 1994 na sheria dhidi ya unyanyasaji wa kingono kazini na shuleni ya mwaka 1995, na alikuwamo katika juhudi zilizozaa sheria ya haki za watu wa asili ya mwaka 1997. Alipogombea tena mwaka 1995 akawa wa kwanza nchi nzima, kwa kura zinazokaribia milioni 16. Jina la baba lilimsaidia, na kufanana kwake sura na mwigizaji kipenzi cha watu, Nora Aunor, kulimsaidia pia, tena alikutumia wazi. Hata hivyo, kazi ya miaka mitatu ile ilikuwa kazi ya mbunge hasa. Ninapomlaumu mbele, nisidhaniwe namwona mtu asiye na uwezo. Uwezo wake ndio unaolifanya jambo hili kuwa zito.

Urais nitaupitia haraka. Alichaguliwa makamu wa rais mwaka 1998, akaapishwa kuwa rais 20 Januari 2001 baada ya maandamano yaliyomwondoa Joseph Estrada, akashinda uchaguzi wa 2004 dhidi ya mwigizaji Fernando Poe Jr. Mwaka 2005 zikavuja kanda za sauti ya mwanamke anayezungumza na kamishna wa Tume ya Uchaguzi, Virgilio Garcillano, kuhusu kura za mwaka 2004. Tarehe 27 Juni 2005 alitokea kwenye televisheni, akakiri kuwa alizungumza na ofisa wa tume wakati kura zinahesabiwa, akaomba radhi, akakana kuiba. Mara nne, kila mwaka kuanzia 2005 hadi 2008, yalipelekwa mashauri ya kumwondoa, na mara zote nne Baraza la Wawakilishi liliyazima. Hapo ndipo kila rais wa nchi ile hujifunza kwamba kinga yake imo katika baraza lile, kwa wale wabunge wa majimbo madogo madogo.

Sasa turudi kwenye familia, maana katika miaka hiyo ilikuwa imetanda. Mikey alikuwa naibu gavana wa Pampanga mwaka 2001, kisha mbunge mwaka 2004. Shemeji yake Gloria, Ignacio Arroyo, alikuwa mbunge wa Negros Occidental. Wifi yake, dada wa mumewe, aliingia bungeni kwa orodha ya chama. Na mwana wa kiume wa pili, Diosdado Ignacio, yaani Dato, aliyepewa jina la babu, alichaguliwa mwaka 2007 katika jimbo la kwanza la mkoa wa Camarines Sur, kanda ya Bicol, upande wa pili wa Manila kabisa, mbali na Lubao.

Dato alikuwa na tatizo. Jimbo lile kabla yake lilikuwa la Rolando Andaya, aliyekuwa ameliacha akawe waziri wa bajeti wa mama yake Dato, na mwaka 2010 Andaya alitaka kurudi. Watu wawili, kiti kimoja. Mwezi Oktoba 2009 Rais Arroyo alitia saini sheria namba 9716. Sheria hiyo ilichukua miji mitano ya jimbo la kwanza, Libmanan, Minalabac, Pamplona, Pasacao na San Fernando, ikaiunganisha na Milaor na Gainza kutoka jimbo la pili, likapatikana jimbo jipya. Jimbo la kwanza likabakiwa na watu 176,383. Waliokwenda Mahakama ya Juu kupinga walikuwa seneta Benigno Aquino III, mwanafunzi yule wa zamani, na Jesse Robredo, meya wa mji wa Naga. Walisema Katiba inataka watu wasiopungua 250,000 kwa kila jimbo. Aprili 2010 Mahakama ikajibu kwamba idadi hiyo ni sharti kwa majiji tu, si kwa majimbo ya mikoa, na sheria ikabaki. Mwezi uliofuata Andaya alishinda jimbo la kwanza na Dato akashinda jimbo jipya. Ramani ya nchi ilichorwa upya ili vijana wawili wasigombane.

Kisha Pampanga. Gloria alikuwa anamaliza urais, na Katiba haimruhusu rais kuchaguliwa tena. Lakini haisemi kitu kuhusu rais kushuka akawa mbunge. Kabla yake ni José P. Laurel pekee, rais wa wakati wa ukaliaji wa Wajapani, aliyewahi kurudi kutafuta kiti cha chini, na Laurel alikwenda Seneti. Gloria alikwenda jimboni: Lubao, Guagua, Porac, Floridablanca, Santa Rita, Sasmuan. Miji sita. Mikey akaondoka, mama akashinda kwa kishindo.

Na Mikey akaenda wapi? Hapa ndipo mahali ninapoona uchungu kuliko pote katika kisa hiki. Katiba ile ile ya 1987 ilitenga asilimia 20 ya viti vya Baraza la Wawakilishi kwa orodha za vyama, ili wasio na sauti wapate pa kusemea: wakulima, wavuvi, wafanyakazi, maskini wa mijini. Msomaji wa Tanzania asifikirie viti maalumu vya wanawake. Hizi ni orodha zinazopigiwa kura na nchi nzima, na sheria yake ya mwaka 1995 inataja waziwazi makundi yaliyosukumwa pembeni. Mwaka 2010 Mikey Arroyo, mtoto wa rais aliye madarakani na mjukuu wa rais, mbunge wa mihula miwili, alisimama kama mteule wa kwanza wa orodha iitwayo Ang Galing Pinoy, iliyosema inawakilisha walinzi na madereva wa pikipiki za magurudumu matatu. Alipingwa, wakabishana, na Tume ya Uchaguzi ikamtangaza kuwa mbunge.

Mfikirie dereva wa pikipiki ya magurudumu matatu katika stendi ya Guagua. Anasimama kwenye foleni ya abiria tangu alfajiri, chombo si chake, kuna mwenye nacho anayedai hesabu ya siku kabla yeye hajala. Mtu huyo alikuwa na mlango mmoja mdogo katika Katiba ulioandikwa kwa ajili yake. Babu yake Mikey aliutetea umma wa aina hiyo kwa sheria ya ardhi. Mjukuu aliutumia mlango wao kwa kuwa mama alikuwa anahitaji ule mkubwa.

Wengine huuliza kwa nini watu wa Pampanga wanawapa kura. Sioni kwamba wamedanganywa. Barabara kuu ya Subic, Clark na Tarlac, iliyofunguliwa wakati wa urais wake, inapita Floridablanca na Porac, maeneo yaliyokuwa yamefunikwa na majivu na matope ya volkano Pinatubo ya mwaka 1991. Mpaka Mahakama ya Juu ilipoupiga marufuku Novemba 2013, kila mbunge alikuwa na mfuko wa maendeleo wa peso milioni 70 kwa mwaka, na kila seneta milioni 200. Mwenye kiti ndiye aliyeamua daraja lijengwe wapi na mgonjwa gani alipiwe hospitali. Mtu mwenye akili timamu, mwenye mtoto anayeumwa, atampa kura mwenye mfuko. Kosa haliko kwa huyo mpiga kura.

Aquino, yule mwanafunzi wa Ateneo, akawa rais 30 Juni 2010. Novemba 2011 Gloria, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa shingo mara kadhaa mwaka ule, alifika uwanja wa ndege wa Manila kwa gari la wagonjwa, akiwa kwenye kiti cha magurudumu na kifaa cha chuma kichwani na shingoni, akitaka kwenda nje kutibiwa. Mahakama ya Juu ilikuwa imesimamisha zuio la kusafiri siku hiyo hiyo. Waziri wa Sheria, Leila de Lima, akaagiza asipite. Siku tatu baadaye, 18 Novemba, hati ya kumkamata ikatolewa kwa shtaka la hujuma ya uchaguzi wa maseneta wa 2007 katika Maguindanao, na polisi wakamchukua alama za vidole na picha ya mahabusu akiwa hospitalini. Julai 2012 akapewa dhamana. Oktoba akakamatwa tena kwa shtaka la uporaji wa peso milioni 366 za shirika la bahati nasibu ya hisani, kosa lisilo na dhamana ushahidi ukiwa mzito. Akawekwa katika hospitali ya maveterani, Quezon City.

Na akiwa humo, mwaka 2013, akachaguliwa tena. Mwaka 2016, bado akiwa humo, akapita bila mpinzani. Miaka karibu minne miji sita ile haikuwa na mbunge anayeweza kusimama ukumbini kuisemea, na hakuna aliyethubutu, au aliyeona faida, kukigombea kiti hicho mwaka ule wa 2016. Mara nyingi watu wanaizungumzia kesi na kusahau hili. Kesi yenyewe ilikwisha 19 Julai 2016, pale Mahakama ya Juu, kwa majaji 11 dhidi ya 4, iliposema hana kesi ya kujibu. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na mtu aliyekaa kizuizini muda ule wote kisha akaonekana hana kesi ya kujibu ana haki ya kulalamika. Lakini swali la kiti ni swali jingine.

Alipotoka alifanywa naibu spika. Machi 2017 likaja suala la kurudisha adhabu ya kifo, jambo alilolitaka Rais Duterte na Spika Pantaleon Alvarez. Spika alitangaza kwamba naibu atakayepinga atavuliwa cheo. Gloria mwenyewe akiwa rais ndiye aliyetia saini sheria ya kuifuta adhabu hiyo mwaka 2006. Akapiga kura ya hapana, akavuliwa, hakulalamika. Namheshimu kwa hilo.

Mwaka mmoja na ushei baadaye ukaja mchana wa 23 Julai 2018, siku ya hotuba ya rais kwa taifa. Wabunge wamevaa mavazi rasmi, wanawake na terno zao za mikono iliyosimama mabegani kama mbawa, kamera ziko tayari, Duterte yuko jengoni anasubiri. Mara Gloria, mwanamke mfupi wa kimo, anapanda jukwaani palipo kiti cha Spika. Wabunge wanamshangilia. Anafungua kinywa kusema, na hasikiki: maikrofoni zimezimwa. Midomo inacheza, ukumbi unapiga kelele, nchi nzima inaangalia bila kusikia. Hotuba ikachelewa zaidi ya saa nzima. Alvarez akaruhusiwa kukaa kitini wakati rais anahutubia. Rais alipoondoka wakapiga kura: 184 kwa Arroyo, 12 hawakuwa upande wowote. Akawa Spika wa kwanza mwanamke Ufilipino. Kiongozi wa walio wengi aliyemweka ni Rolando Andaya, yule wa Camarines Sur.

Kazi zilifanyika mwaka ule, tena nzito: sheria ya Bangsamoro, eneo la Waislamu kusini mwa nchi lenye utawala wake wa ndani, iliidhinishwa siku iliyofuata, na mwanzoni mwa 2019 zikatiwa saini sheria ya ushuru wa mchele na ya huduma ya afya kwa wote. Pia Baraza na Seneti viligombania bajeti hadi nchi ikaingia mwaka mpya bila bajeti mpya, na Duterte alipotia saini Aprili 2019 alikata peso bilioni 95.3. Ila kitu kinachonifanya nisilale ni rasimu ya Katiba ya shirikisho iliyopitishwa na Baraza Desemba 2018 chini yake. Ndani yake ukomo wa mihula ya wabunge uliondolewa, na katazo la koo za kisiasa likaachwa nje. Yale makomeo mawili ya 1987, lililokuwa linafanya kazi kidogo na lisilofanya kazi kabisa, yote yaling'olewa kwa mpigo mmoja. Seneti haikuishughulikia rasimu hiyo, ikafa.

Kwa hiyo mwaka 2019 mihula mitatu ilitimia, na Mikey akarudi Pampanga kukaa kitini. Mwaka 2022 mama akarudi, akiwa amemuunga mkono Ferdinand Marcos Jr., mtoto wa yule aliyemshinda baba yake mwaka 1965. Akapewa cheo cha naibu spika mwandamizi chini ya Spika Martin Romualdez, binamu wa rais. Mei 2023 akashushwa, na Novemba mwaka huo akavuliwa unaibu kabisa kwa kutotia saini azimio la kuuunga mkono uongozi wa Baraza. Akarudi kukaa na wabunge wa kawaida. Kiti cha jimbo hakikutikisika.

Alizaliwa 5 Aprili 1947. Akigombea tena mwaka 2028 na kushinda, huo utakuwa muhula wa tatu mfululizo, na Katiba itamtaka apishe mwaka 2031, akiwa na miaka 84. Huko Lubao hakuna anayeuliza kiti kitakwenda nyumba gani. Wanachouliza ni nani wa nyumba ile.